Dawa ya Anti

Mimi ni mtu wa kukataa vitu, na hiyo si tabia tu, ni kazi. Kwa miaka kumi na saba nimesimama mwisho wa mashine katika kiwanda cha plastiki kule Baba Dogo. Mitungi inapita mbele yangu, naibonyeza, naiinua kwenye taa, na wenye ufa au mdomo usiokaa sawa nautupa kapuni. Msimamizi wangu husema nikija kuolewa tena nitamkagua bwana harusi kuanzia soli ya kiatu. Basi Mama aliponiambia kwamba ameanza kwenda kuchomwa sindano na daktari wa Kichina, ghorofa ya pili, upande wa Mbotela, nilimwuliza swali moja: "Hizo sindano nani amezikagua?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akanijibu, akaendelea kukata sukuma wiki.

Mama anaishi Shauri Moyo, katika nyumba ile ile ya kaunti nilimozaliwa. Mimi nilihamia Lucky Summer kwa sababu ya kazi. Aliuza nguo za watoto za mitumba pale Gikomba mpaka magoti yakamshinda, na magoti yalipomshinda hakupoteza kibanda peke yake. Kanisa letu ni lile la kanzu nyeupe, la watu wa kwetu magharibi, na kila Jumapili huzunguka mitaa kwa miguu mitupu, ngoma mbele, bendera nyuma. Mama ndiye aliyekuwa akipiga ngoma tangu mimi niko darasa la tatu. Sasa ngoma ilikuwa kwa mtu mwingine, na yeye alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki akisikiliza wenzake wakipita. Hakulalamika. Alipiga mdundo kwa vidole juu ya paja, na mimi nikiona hivyo niliingia ndani kuosha vyombo visivyokuwa na uchafu.

Kwa hiyo nilijua anachokitafuta kwa yule Mchina. Hakutaka kupona tu. Alitaka ngoma yake.

Mara ya pili nilimsindikiza, nikiwa nimejiandaa kugombana. Chumba kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukutani palikuwa na bango la mwili wa binadamu uliojaa nukta na mistari. Kulikuwa na kabati la droo ndogo ndogo, na ndani ya droo mlikuwa na magome, mizizi, majani makavu na vitu vingine nisivyoweza kuapa ni vya mti. Kilichonikera ni kwamba harufu ile niliijua. Ilikuwa harufu ya sufuria ya nyanya yangu, aliyotuchemshia tulipougua tumbo likizo za Desemba. Nilijiambia kwamba hata hiyo ni mbinu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi, viatu vya raba. Alikuwa ameishi Nairobi miaka mingi, na Kiswahili chake hakikuwa na habari na ngeli, lakini sisi wa Eastlands tuna mdomo gani wa kumcheka mtu kwa hilo?

"Wewe mtoto yake?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Kaa hapo. Usiguse kitu."

Niligusa. Nilimwomba pakiti moja ya sindano kabla hajaifungua, akanipa. Nikaibonyeza kama ninavyobonyeza mitungi. Hewa haikutoka. Mshono ulikuwa sawa pande zote, na hilo likanikasirisha zaidi, maana nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia.

Nikaamua kuhesabu. Sindano kumi na nne ziliingia: magotini, mapajani, mkononi, hata karibu na sikio, na sikio lina uhusiano gani na goti mimi mpaka leo sijaelewa. Baada ya nusu saa akazitoa, na mimi nikahesabu tena. Kumi na tatu. Nilisimama nikapaza sauti mpaka wateja wa nje wakachungulia. Nilisema mambo ya polisi, nikasema mambo ya balozi. Daktari akaninyooshea kidole kwenye kifundo cha mguu wa Mama, chini ya leso, ambapo ya kumi na nne ilikuwa imesimama imetulia.

"Wewe kazi yako askari?" akauliza.

Mama hakunisemesha mpaka tulipofika nyumbani. "Umenitia aibu mbele ya mgeni," akasema. "Mtu ananishika miguu yangu mizee bila kinyaa, wewe unamhesabia sindano."

Sindano zilimsaidia, nitasema ukweli, au kitu fulani kilimsaidia. Alilala usiku. Alikwenda mpaka lango la chini bila kushika ukuta. Siku tatu baadaye maumivu yalirudi, na daktari alipoulizwa hakuficha. "Goti hii mzee," akasema. "Mimi naweza punguza. Goti mpya sina." Mtu mwingine angesikia ukweli hapo. Mimi nilisikia mfanyabiashara anayehakikisha kwamba mteja atarudi kila wiki hadi kiama.

Hapo ndipo anti alipoingia na dawa yake.

Namwita anti ingawa hatuna damu moja. Yeye na Mama walikuja Nairobi mwaka mmoja, wakaokoka siku moja, na katika maandamano ya Jumapili anti hutembea begani mwa Mama, akishika kayamba. Amenibeba mgongoni. Baba alipofariki, anti ndiye aliyelala nyumbani kwetu mwezi mzima, akipika na kutufulia sare. Alikuja na pakiti ndogo za unga wa rangi ya kahawia, zenye maandishi ya Kichina yasiyosomeka na yeyote kati yetu. Alisema ni dawa ile ile ya Wachina, ila imesagwa tayari, huna haja ya kuchemsha wala kudungwa. Kijiko kimoja asubuhi kwenye uji. Mwenyewe alikuwa akiitumia kwa ajili ya mgongo.

Niliichukua pakiti moja nikaigeuza. Mkono wangu ulifanya kazi yake bila kuambiwa. Mdomo wa mfuko ulikuwa umefungwa kwa moto wa mshumaa, ule mshono uliokunjamana, unaouona kwenye vipakiti vya njugu vya kina mama wa barabarani. Hakuna kiwanda duniani kinachofunga dawa hivyo. Niliona. Sitamdanganya mtu kwamba sikuona. Lakini aliyeileta ni anti, na kumwuliza anti swali lile nililouliza juu ya sindano za Mchina kungekuwa kumtukana mzazi. Nikairudisha mezani nikasema, "Asante, anti. Angalau hii haina sindano."

Ndani ya wiki mbili Mama alipanda ngazi za kanisani bila kushikwa. Wiki ya nne alirudishiwa ngoma.

Jumapili ile niliomba ruhusa kazini. Nilisimama kando ya barabara nikawaona wakija, vumbi miguuni, kanzu zinapepea, na Mama mbele kabisa anapiga ngoma huku amefumba macho. Nililia wazi wazi kama mtoto aliyepotea sokoni. Watu wa mtaa walitoka milangoni.

"Mathe! Umerudi!" kijana wa kuuza mutura akaita. "Na umenona, aki! Dawa imekushika!"

"Mama, siku hizi unakaa msupa," jirani akasema. "Tupee hiyo siri."

Na kweli alikuwa amenona. Mashavu yalijaa, yakawa mekundu mekundu. Alikula mara mbili ya zamani. Kwetu mtu akipona hunenepa, na akinenepa basi amepona, hakuna anayeuliza zaidi. Mgonjwa akikonda ndipo watu huanza kunong'ona. Mimi mwenyewe nilimpiga picha, nikaituma kwa jamaa wote wa nyumbani, nao wakajibu kwa mikono ya sala. Jumamosi nikitoka kazini nilikuwa napitia kwa anti kuchukua pakiti za wiki nzima. Nilizipeleka mimi, kwa mkono wangu.

Baadaye mambo mengine yakaanza, nami nikayatafutia majina mazuri. Mikono yake ilipata madoa meusi kama amegongwa. Nikasema ni ngoma. Miguu ilikonda huku tumbo likikua. Nikasema ni uzee. Akawa halali, anaongea haraka, anafua mapazia mara mbili kwa wiki. Nikasema ni furaha.

Kwa Mchina alikuwa bado anakwenda mara moja moja, kwa sababu ya bega. Miezi mitano baada ya ile pakiti ya kwanza, nilimsindikiza tena. Daktari alimtazama Mama usoni muda mrefu. Akamshika mkono, akayaangalia madoa. Akabonyeza mguu juu ya kifundo, na kidole kilipotoka kikaacha shimo. Akavua glavu.

"Leo hakuna sindano," akasema. "Mama, wewe nakunywa dawa gani?"

"Nakunywa chai tu," Mama akasema. Aliogopa kumvunja moyo, nadhani, kwa kutumia dawa ya mtu mwingine.

Daktari akamwambia Mama asubiri nje, akanigeukia mimi. Nilijiambia: huyu ameona mteja anamponyoka. Akauliza mara ya pili, kwa ukali, kama mwalimu, na nikajikuta nimetoa pakiti mkobani. Akaifungua, akanusa, akaweka chembe kwenye ulimi na kutema.

"Hii si majani," akasema. "Majani hainenepeshi uso hivi. Mtu ameweka dawa ya hospitali ndani, kali, nafikiri. Hii mbaya sana." Kisha akasema jambo ambalo nitalisikia mpaka nife. "Lakini usiache leo. Umesikia? Mama aendelee, na kesho nyinyi naenda hospitali. Daktari wa huko atapunguza pole pole. Ukiacha mara moja, hatari." Akaandika karatasi kwa Kiingereza, akaikunja, akanipa. Hakuchukua hata shilingi.

Niliiweka ile karatasi mkobani na nilitembea mpaka Shauri Moyo nikiwa nimefura. Mtu anakuambia hii ni sumu, halafu anakuambia mpe mama yako sumu hiyo kesho asubuhi. Kama ni mbaya, kwa nini niendelee? Kama si mbaya, kwa nini amenitisha? Katika kazi yangu mtungi wenye ufa hauendelezwi pole pole. Unatupwa. Niliona wazi kwamba kuna mchezo, kwamba anataka Mama adhoofike zaidi ili lawama yote iwe ya anti. Na hospitali tungeenda, ndiyo, lakini mwisho wa mwezi, nikipata siku ya mapumziko.

Jioni hiyo hiyo Mama alipokwenda kwa jirani, nilichukua pakiti zote zilizobaki nikazimwaga chooni. Mama alipouliza, nilimwambia, "Anti anasema mzigo haujafika. Wiki ijayo." Alisema sawa. Nilijisikia mtoto mwema kabisa.

Siku ya nne jirani alinipigia simu nikiwa kazini, saa nane mchana. Mama alikuwa ameanguka karibu na bomba la maji akifua. Nilipofika walikuwa wamemlaza kwenye mkeka, ametapika mpaka hakuna cha kutapika, jasho baridi, macho yananiangalia bila kunijua. Aliniita kwa jina la mama yake. Tulimtia kwenye gari la jirani, na njia nzima nilikuwa nimemshika taya ili kichwa kisilegee, nikimwambia Mungu kwamba ngoma aichukue, magoti ayachukue, aniachie Mama tu.

Hospitalini daktari kijana alimwekea maji na kumdunga dawa. Alisoma ile karatasi ya Mchina, iliyokuwa imekunjamana ndani kabisa ya mkoba wangu, kisha akaisoma tena.

"Aliyeandika hii anajua kazi," akasema. "Unga wenyewe hatujaupima, lakini dalili za mama ni za mtu aliyetumia steroidi muda mrefu. Ukizitumia hivyo, mwili huacha kujitengenezea zake. Ukizikata ghafla, mwili unabaki mtupu. Huko kukata ghafla ndiko kulikomleta hapa. Nani alimwambia aache?"

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia kutoka kitandani, kwa sauti ndogo. "Iliisha, daktari. Haikuwa imefika."

Nikafunga mdomo. Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wawili, na nikamwacha mama yangu mgonjwa anisemee uongo wangu bila kujua ni uongo.

Alikaa wodini siku tisa, akarudi na vidonge vya kupunguza hatua kwa hatua, na magoti yaliyorudi kuwa yale yale. Mtaa mzima ulijua ni ile dawa iliyomwangusha. Mimi ndiye niliyewaambia. "Dawa za Wachina hizo," watu wakasema, na sikuwasahihisha, ingawa nilijua vizuri pakiti za mshono wa mshumaa zilitoka kwa nani. Mtaani tulimlaani yule aliye mbali, kwa sababu kumlaani aliye karibu kunagharimu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilikuwa nimeivaa mimi.

Anti alikuja siku ya tatu baada ya Mama kutoka. Alikuwa ameenda nyumbani kwa mazishi na habari zilimfikia nusu nusu. Mama alikuwa amelala nyuma ya pazia, nami nilimkaribisha anti sebuleni. Aliweka mfuko mezani.

"Nimemletea mgonjwa wetu," akasema. "Mzigo nimeutafuta mwenyewe, nimezunguka River Road mpaka nikampata yule mzee anayeniuzia."

Pakiti kumi. Ndipo nilipomtazama usoni vizuri. Mashavu ya mviringo, mekundu. Madoa mikononi. Ule uso tuliousifu kwa Mama, anti naye alikuwa nao kwa muda gani, na sisi tukimwambia Jumapili baada ya Jumapili kwamba Bwana amembariki?

Nilikuwa nimepanga kumkemea. Badala yake nilimshika mikono nikamweleza, pole pole, alichosema daktari. Anti alisikiliza na uso ukamwanguka. Hakujua. Ningeapa mbele ya madhabahu kwamba hakujua. Alianza kulia, akisema amemuua rafiki yake, amemuua rafiki yake, kisha akazikusanya zile pakiti kwenye mfuko akasimama.

"Choo kiko wazi? Hizi nazimwaga sasa hivi. Na zangu za nyumbani nikifika tu. Sitatia hata chembe mdomoni tena."

"Hapana, anti." Nikamzuia mlangoni. "Zako usiache. Kesho kunywa kama kawaida, halafu twende hospitali wote wawili."

Alinitazama. Nilikuwa naujua mtazamo ule kutoka ndani.

"Unasema ni sumu," akasema taratibu, "halafu unaniambia niinywe?"

"Ukiacha ghafla utaanguka."

"Nani kasema?"

"Daktari. Madaktari wawili."

"Yule Mchina?" Akaukumbatia mfuko. "Mwanangu, una hasira na mimi. Nakuelewa. Lakini usinifanyie hivyo."

Alikuwa anasogea kuelekea mlangoni, na nilijua kabisa atafanya nini akifika kwake, kwa sababu nilikwishafanya. Anaishi peke yake. Hakuna jirani wa kumwokota bombani. Nilitafuta maneno mengine yote, nikayatafuta kweli, na hakukuwa na mengine.

"Anti, Mama hakuishiwa dawa," nikasema. "Mimi ndiye niliyezimwaga. Mchina alinionya nisiache, na sikumwamini, nikazimwaga zote chooni, na siku ya nne Mama akaanguka. Si wewe uliyemwangusha. Ni mimi."

Anti aliketi tena, mfuko mapajani. Nje mtu alikuwa anapiga msumari. Nyuma ya pazia kitanda kililia, na sauti ya Mama ikatoka, wala haikuwa ya mtu aliyetoka usingizini.

"Uliniambia mzigo haujafika."

"Nilikuambia hivyo, Mama."

Nilitamani anitukane, kwa lugha ya kwetu, kwa sauti ambayo majirani wangeisikia.

"Dada," Mama akasema mwishowe, na hakuwa akisema na mimi. "Kesho kunywa dawa yako kwenye uji, halafu upite hapa. Hospitali nitakupeleka mimi."

"Na hayo magoti?" anti akauliza.

"Nitatembea," Mama akasema. "Huyu tusimtume."